Kuang Yisheng, Fundi wa Pinde Aliyekataa Kuazimisha Jina Lake

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wa karakana ya silaha ya Qingtan, familia inawashukuru kwa kuja na mvua yote hii. Inamshukuru pia Bwana Xue, msimamizi wa karakana, aliyesimama pale langoni na barua mkononi. Amekuja kuzika, na amekuja vilevile kuidai chapa ya chuma ya marehemu, ile yenye jina lake, akaichome kwenye pinde mia tano ambazo marehemu hakuzigusa hata kwa kidole. Bwana Xue atasubiri. Leo ni siku ya Mzee Kuang, na maisha yake yatasomwa yote, yakiwemo yale ambayo ofisi imetushauri tuyaruke.

Marehemu Kuang Yisheng alizaliwa siku ya tisa ya mwezi wa pili, mwaka wa pili wa enzi ya Baoyuan, katika kijiji cha Shuanghuai, mwendo wa nusu siku magharibi ya Qingtan. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Kuang Dun, mchemshaji gundi, na mkewe Bi Miao. Kaka yake, Boda, alimtangulia kwa miaka mitatu. Nyumba yao ilinuka ngozi za ng'ombe zinazochemshwa tangu alfajiri hadi jioni, na hakuna jirani aliyethubutu kujenga upande upepo unakoelekea. Bi Miao alizoea kusema kwamba mwana huyu alizaliwa na kichwa kigumu, ndiyo maana yeye hakutaka kuzaa tena.

Alisoma majira mawili tu ya baridi, kwa Mwalimu Pang wa hapo kijijini. Siku moja aliagizwa anakili neno "mto" mara mia. Akanakili mara sitini na tatu, akaweka brashi chini. Mwalimu akamuuliza, "Na zilizobaki, atakuja kuziandika babu yako?" Mtoto akajibu, "Mkono umechoka, Mwalimu. Nikiendelea nitaandika vibaya, halafu utadhani zote nimeziandika hivyo." Alichapwa kwa ubishi, kisha akapewa yai la kuchemsha. Mwalimu Pang alisimulia kisa hicho hadi uzeeni, na kila alipokisimulia fimbo zilipungua na mayai yakaongezeka.

Mwaka wa tatu wa enzi ya Jiayou, akiwa na umri wa miaka ishirini, aliajiriwa karakana ya Qingtan kutengeneza pinde za kufyatua. Akachorwa kwa sindano na wino mgongoni mwa mkono wa kulia, ile alama ya fundi wa serikali ambayo wengi wenu mnayo. Enzi hizo serikali ilizihesabu pinde tu, haikuzitazama. Wakubwa waliandika elfu moja, mafundi wakatoa elfu moja, na aliyeuliza kama zinafaa aliambiwa asilete balaa. Sasa, kila fundi aliye hapa anajua kwamba gundi haiamrishwi. Pembe na kano hugandishwa kwenye mti wakati wa baridi kavu. Ukizigandisha katika mvua za mwezi wa sita hadi wa nane, upinde utang'aa, utapita mbele ya mkaguzi, kisha siku ya kuuhitaji utafumuka mikononi. Mwaka wa pili wa Zhiping hesabu ilipungua, na mafundi wakaagizwa wagandishe katika mvua. Marehemu alijua ubaya wake. Aligandisha, akanyamaza.

Mwaka uliofuata Waxia, adui zetu wa mpakani, waliishambulia ngome ya Shimen. Ngome haikuanguka, ila Boda, aliyekuwa mpiga mishale ukutani, alianguka. Pinde arobaini zilizofumuka zilirudishwa karakana zikarabatiwe. Katika rundo lile marehemu aliokota mmoja wenye mistari mitatu ya kisu kwenye kishikio, kama Boda alivyotia alama vitu vyake vyote tangu utoto. Uzi wake ulikuwa umezungushwa kutoka kushoto, na karakana nzima ilikuwa na mtumia mkono wa kushoto mmoja tu, yeye mwenyewe. Akaupeleka kwa msimamizi wa wakati ule.

"Bwana Mkubwa, huu ni wangu. Nimemuua kaka yangu."

"Nani amekuuliza?" msimamizi akasema. "Upinde hauna jina. Urudishe kwenye rundo, leo tunatakiwa kutoa thelathini."

Jibu lile lilimuuma kuliko kama angepigwa. Hakulificha jambo hili, na familia haitalificha. Mtoto wa Boda, Jizu, alikuwa na miaka miwili. Marehemu alimchukua akamlea kama wake. Jizu alipotimiza ishirini alikwenda kumpigia magoti ili amwite baba. Marehemu akamzuia kwa mkono. "Usipige magoti kwanza. Upinde uliofumuka mikononi mwa baba yako niliugandisha mimi, na mvua nilikuwa naiona. Umesikia? Haya, sasa fanya utakavyo." Jizu akajibu kwamba amesikia. Kisha akapiga magoti, na ndiye anayewasomea maneno haya.

Marehemu alifunga ndoa na Fei Sanniang, binti wa muuza kano wa soko la kaskazini, siku ya sita ya mwezi wa kumi, mwaka wa kwanza wa Xining. Siku ya posa alipoingia kwa wakwe aliona vifungu vya kano vinaning'inia ukutani, akavishika, akavivuta, akavinusa, mpaka chai ikapoa. Bi Sanniang, aliyekuwa anachungulia nyuma ya pazia, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, huyu amekuja kuoa mimi au kuoa ng'ombe?" Marehemu akageuka. "Kano hizi nani amezikausha?" Akaambiwa ni yule anayemtukana. Akasema basi hana haja ya kuuliza lingine. Walijaliwa binti mmoja, Qiaoyun.

Katika mwaka wa sita wa Xining yalitufikia mageuzi kutoka mji mkuu. Ikaundwa ofisi mpya ya silaha, na amri ikatoka kwamba kila upinde uchomwe jina la fundi wake, na usio na jina usitoke ghalani. Mafundi walinuna. Mzee Duan, aliyekaa benchi moja na marehemu, akamwambia, "Yisheng, hiyo chapa ni kamba ya kujinyongea." Marehemu akamjibu, "Shingo ninayo. Nilikuwa natafuta kamba." Akawa wa kwanza kwenye foleni ya kupokea chapa.

Asiwepo mtu wa kumfanya marehemu mtakatifu wa mageuzi yale. Nyumbani kwake penyewe yalizua vita. Sheria hizohizo ziliwachukua kaka wawili wa Bi Sanniang kwenda kufanya gwaride la mgambo wakati wa mavuno, na uwele ukaozea shambani. "Serikali yako inataka jeshi lenye nguvu," Bi Sanniang alifoka, "halafu askari wale nini, ngoma?" Marehemu alikubali kwamba sheria ya mgambo ni ya kijinga, na ya chapa ni ya maana. Bi Sanniang akamwambia aende akale hiyo ya maana. Siku ile hakupikiwa.

Mwaka wa nne wa Yuanfeng liliandaliwa jeshi kubwa la kwenda kuwapiga Waxia. Msimamizi alikuwa Bwana Luan, aliyeyapenda mageuzi kwa sababu yalimpandisha cheo. Akaagiza pinde mia tatu zigandishwe katikati ya mvua, kisha akaja na chapa za mafundi kwenye sinia. Ya marehemu haikuwemo, alikuwa ameiacha nyumbani.

"Fundi Kuang, piga chapa yako."

"Gundi mbichi, Bwana Mkubwa."

"Jeshi linaondoka keshokutwa."

"Liondoke. Gundi haijaapa kwenda nalo."

"Kumbe unapinga sheria mpya?"

"Naifuata neno kwa neno. Imesema jina la anayewajibika. Kwa takataka hizi siwajibiki mimi."

Alipigwa fimbo ishirini uani, mbele ya wenzake. Baadhi yenu mlikuwepo, mkatazama chini, na hakuwalaumu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kutazama chini. Baada yake mafundi sita waliobaki walitwaa chapa zao kwenye sinia, wakarudisha mikono nyuma wakakataa kuchoma majina yao. Bwana Luan akatuma watu wapekue nyumba ya marehemu waipate chapa, wakapasua magodoro na kung'oa matofali ya jiko. Bi Sanniang alikuwa anakoroga sufuria la gundi. Mmoja akamuuliza humo mna nini. "Supu," akasema. "Onja, kama una njaa." Harufu ikawafukuza. Chapa ilikuwa ndani ya sufuria, chini kabisa ya gundi, na marehemu aliyelala kifudifudi kwa maumivu alicheka mpaka akalia.

Pinde mia tatu zikapelekwa ghalani bila jina, na mtunza ghala, mtu mwoga anayefuata maandishi, akakataa kuzitoa. Jeshi likaondoka bila hizo. Majira ya baridi marehemu alizifumua zote akazigandisha upya, akisimama kwa sababu kukaa hakuwezi, ndipo akazichoma jina. Shukrani aliyopewa ni kushushwa kubeba makaa kwa miaka mitatu, na vumbi lile la makaa ndilo lililomwingia kifuani.

Kisha walio juu wakabadilika. Mwaka wa kwanza wa Yuanyou, wakubwa wapya walitangaza kwamba yote ya wale wa zamani ni maovu, na karani akaja kukusanya chapa. "Mzee, sheria imefutwa."

"Sheria mmeifuta. Na mvua mmeifuta?"

Karani akaondoka bila chapa. Miaka minane baadaye wa zamani wakarudi, wakamwita marehemu shujaa wa upande wao, wakamletea jora la hariri. Akalirudisha langoni. "Mimi sikuwa upande wenu, na wale pia sikuwa upande wao," alisema. "Nilikuwa upande wa mtu aliyesimama ukutani." Bi Sanniang alilisikitikia jora lile kwa muda mrefu.

Marehemu aliacha kazi mwaka wa tatu wa Yuanfu, mikono ilipoanza kutetemeka. Tangu mwezi wa kwanza mwaka huu kifua kilimzidi. Alitibiwa na Mganga Yin wa mtaa wa mashariki, ambaye familia inamshukuru kwa subira yake, maana mgonjwa alikuwa akimsahihisha. Siku ya pili ya mwezi wa saba Bwana Xue alikuja kumjulia hali.

"Mzee wangu, ngome zote zinaomba pinde za Kuang. Tuachie chapa. Hiyo ndiyo njia ya kukuenzi."

"Zimegandishwa lini?"

Bwana Xue akakohoa kuliko mgonjwa. "Mwezi uliopita."

"Katika mvua?"

"Mzee, jina lako sasa ni mali ya serikali."

Marehemu akautoa mkono wa kulia chini ya blanketi, ule wenye alama. "Huu ndio wa serikali, mliuchora wenyewe. Ukate uende nao. Jina nilipewa na baba yangu." Bwana Xue yupo hapa. Aseme kama tumeongeza neno.

Mzee Kuang Yisheng aliaga dunia siku ya ishirini na moja ya mwezi wa saba, mwaka wa tatu wa Chongning, saa sita mchana, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Alikuwa amekunywa vijiko viwili vya uji wa uwele na kulalamika kwamba hauna chumvi. Ameacha mjane, Bi Fei Sanniang. Binti, Qiaoyun, na mkwe, Ge Runfu. Mwana wa kulea, Kuang Jizu. Na wajukuu wanne. Ameacha pia wapiga mishale ambao hakuwajua kwa sura, wakiwa hai juu ya kuta za ngome.

Sasa habari ya chapa. Siku ya mwisho alimwambia mkewe, "Usiitupe mtoni, wataivua. Usiifukie, wataifukua." Hakumwambia aifanye nini. Bi Sanniang alifikiri mwenyewe siku kumi na sita. Leo asubuhi aliipeleka kwa mhunzi, akasimama hapo hadi herufi za mwisho zikapondwa. Imekuwa msumari wa jeneza, huu hapa, bado una joto. Bwana Xue, koleo lile pale juu ya benchi. Tukishagonga, njoo uung'oe, mbele ya mjane na mbele ya mafundi wote hawa, kisha ukachome nao pinde zako mia tano.

Wenzetu, shikeni nyundo. Mnajua desturi: kila msumari unapoingia tunamwita marehemu aukwepe, usimchome njiani. Kwa misumari sita tutamwita, na sauti zisikike hadi karakana. Huu wa saba hatutamwambia aukwepe. Ni jina lake. Apumzike nalo kwa amani.