Mkono Gani Ulianza?

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, kumi na tisa kati yake hapa kliniki yetu ya watoto Kitengela, Sista Wilkister Nanjala anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Mimi, Macharia wa faili, ndiye niliyepewa heshima ya kumwandika, na furaha imenijaa mpaka kalamu inanitoroka!

Alianzia Loitokitok, akahamia Kajiado mjini, kisha akatua kwetu na chupa ya chai ambayo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuigusa. Kila Ijumaa, siku ya watoto wenye kifafa, wazazi walikutana na swali lake: mtoto alipoanza kutetemeka, mkono gani ulianza? Walichoka nalo. Hata mimi nilichoka, maana jibu lilikuwa lazima niliandike kwa wino mwekundu.

Ndipo akaja Ledama kutoka Mashuuru na bintiye Seleyian, wa miaka sita. Dawa za aina mbili zilikuwa zimeshindwa, mtoto alianguka hata mara nne kwa siku, na shule ilikuwa imemrudisha nyumbani. Mkono gani? Ledama hakujua. Sista akamwomba amrekodi mtoto kwa simu akitetemeka. Video ya kwanza ilituonyesha mbuzi watatu na kiatu cha Ledama. Sista hakucheka (mimi nilicheka sana), akamwambia ajaribu tena. Zilizofuata zilikuwa safi: mkono wa kushoto, kila mara.

Sista akambana daktari mpaka Seleyian akapelekwa Nairobi kupigwa picha ya ubongo. Kumbe sehemu ndogo upande wa kulia, ule unaoendesha mkono wa kushoto, haikujiunda vizuri tangu akiwa tumboni. Hakuwa amerogwa, kama wengine walivyodhani! Si kila mtoto wa hali hii hufaa kupasuliwa, lakini yeye alifaa. Baada ya upasuaji mkono huo wa kushoto ulibaki mzito, na Sista akamfundisha kukamua sifongo miezi mingi. Sasa ni miaka miwili bila kuanguka. Siku Ledama alipopiga simu na kusema, "Sista, Seleyian ako shule!", kliniki nzima tulilia.

Asante, Sista. Swali lako tumelibandika ukutani, halitoki. Nenda nyumbani Bungoma ukapumzike, na Mungu akuzidishie afya na siku za raha.

Keki itakatwa saa nane. Atakayeikata ni Seleyian wa Gredi ya Tatu, na kisu atakishika kwa mkono wa kushoto.