Viwili kwa Viwili

Mbele ya duka moja la dawa za mifugo, pale Bariadi mjini, kando ya muuza kahawa, pana benchi la wataalamu wasioajiriwa. Asubuhi hiyo aliyekuwa ananguruma ni Ndalahwa, ambaye kijiwe humwita Digrii, maana ndiyo mali yake yote. Mama yake, Milembe, na jirani yao Mektilda wameingia kwenye utafiti wa dawa mpya ya presha. Mektilda kapangiwa vidonge vitatu kwa siku. Milembe, kimoja.

— Wote presha, wote wajane, wote wamesaini fomu ileile, alisema Digrii. Where is the equity?

— Si walisema kila mtu na kipimo chake? aliuliza Kamati, mzee anayejua siri za serikali zote.

— Eti damu ya mama inaonyesha figo zimechoka. Mimi na GPA yangu ya tatu nukta nane, nidanganywe na figo?

— Kimoja ni dharau, alisema Sindano, mfugaji anayewadunga ng'ombe wake mwenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Kwani wewe fahali na ndama unawapa dozi moja? aliuliza Kamati.

— Ng'ombe namzungushia kamba kifuani, najua uzito wake. Ng'ombe ana thamani, mzee. Binadamu wote ni sawa.

Kamati akapiga funda la kahawa, akashusha sauti.

— Anayepanga ni kompyuta ya Ulaya. Inamsoma mtu kisigino. Ikiona hakulima pamba msimu uliopita, inampunguzia.

— Basi mimi nimeisahihisha, alisema Digrii. Tangu juzi, kila asubuhi tunamwaga vyote kwenye ungo. Vinne, gawa kwa mbili. Sisi Wasukuma toka lini mtu akala peke yake?

— Hapo ada ya chuo haikwenda bure, alisema Kamati.

— Na imejibu. Leo mama kaamka nyumba inamzunguka, kusimama hawezi.

— Dawa imekamata hiyo, alisema Sindano. Hata ng'ombe hulala kwanza.

— Mvumilivu hula mbivu, alimalizia Kamati.

Nyuma yao alikuwa amesimama Lukresia, mwanamke wa kijijini Sapiwi aliyefuata dawa ya minyoo ya mbuzi. Alikuwa amesikia yote.

— Mwangaluka, aliwaamkia.

— Mwangaluka, mayu, waliitikia.

— Huyo mama asiyeweza kusimama, mmemwacha na nani?

Sindano akamtazama Kamati. Kamati akachungulia kikombe chake. Digrii alikuwa ameshavuka barabara, anakimbia, kikombe cha watu mkononi, na muuza kahawa hakumwita.