Asifike Mtu Mikono Mitupu

LORNA: Haloo? Nani mwenzangu?

VERITY: Mama.

LORNA: Haloo? Ongea kwa nguvu, tarumbeta zimenikalia masikioni. Ni nani?

VERITY: Mama, ni mimi. Verity.

LORNA: Verity? Na hii simu ya nani? Si tulikubaliana hakuna simu mchangani? Mwasisi wa shule alivuka bila—

VERITY: Ya Nell. Aliificha kwenye soksi. Mama, nisikilize—

LORNA: Huyo Nell na soksi zake. Shule inatimiza miaka mia na hamsini, mbio za kuvuka mchanga wa ghuba maji yakiwa yamekupwa zimefufuliwa, mara ya mwisho alikimbia babu yako, halafu ninyi mnaficha simu. Mko wapi? Wenzenu washafika. Hugo kawa wa kwanza, nahodha kweli. Watu wote wamesimama. Hata wale wazee wa kikosi cha zamani wamelia, na makoti ya shule yanawabana matumbo.

VERITY: Mama, kuna ukungu.

LORNA: Ukungu wapi? Huku jua linawaka. Eh. Huko mbali kweli naona kaweupe kidogo.

VERITY: Sio kidogo. Nell nimemshika mkono na simwoni miguu. Kateguka kifundo. Tulikaa chini nimfunge, tulipoinuka hakuna mtu.

LORNA: Mwalimu Pryce je? Si yeye alikuwa wa kufunga msafara?

VERITY: Atakuwa ametupita kwenye ukungu.

LORNA: Atakuwa? Yuko hapa, Verity. Anakunywa chai. Haya. Usiogope. Fuateni matawi ya alama. Mzee Garnett wa trekta kayachomeka jana, toka ng'ambo hadi hapa shuleni. Ukifika kwenye moja unatafuta la pili, polepole. Ukishikamana nayo huwezi kuingia kwenye mchanga unaomeza.

VERITY: Hayapo.

LORNA: Nini hakipo?

VERITY: Matawi, mama. Tumeyafuata mpaka katikati, halafu yakaisha. Kuna mashimo tu.

LORNA: Mashimo?

VERITY: Pale yalipokuwa. Yameng'olewa.

LORNA: Sasa nani mwenye akili zake atang'oa—

[kimya, tarumbeta kwa mbali]

VERITY: Mama? Upo?

LORNA: Nipo.

VERITY: Mbona kimya?

LORNA: Hugo alinipa tawi lake. Alipofika. Nimelishika hapa, nusu ya chini ni matope matupu, na mimi nikampigia makofi. Wote wanayo, Verity. Kila aliyefika ana tawi.

VERITY: Si ulisema wewe.

LORNA: Nilisema nini?

VERITY: Asubuhi, kwenye hotuba yako ya kufungua mbio. Kwamba mwasisi alitoka mchangani na tawi mkononi, ndilo hilo kwenye jezi zetu. Na leo asifike mtu ufukweni mikono mitupu. Hugo akasema basi kila mtu achukue lake njiani.

LORNA: Nilikuwa niwape mimi. Nina ndoo nzima ya matawi hapa. Nilitaka niwape hapa mwisho, mmoja mmoja, wapigwe picha— Ee Mungu wangu. [kando] Mzee Garnett! Washa trekta. Watoto wawili wamebaki ndani ya ghuba na matawi yameng'olewa. Yote. Sijui wako wapi, nenda tu! [kando] Na hizo tarumbeta zinyamaze, tafadhali. Zinyamaze. Verity?

VERITY: Nipo.

LORNA: Garnett anakuja. Mashimo unayaona?

VERITY: Naona hili moja. Linajaa maji.

LORNA: Maji?

VERITY: Na nyayo pia. Zinajaa, halafu zinapotea.

LORNA: Yamefika wapi?

VERITY: Kwenye vifundo. Mama, yanatoka kila upande.

[mtandao unakwaruza]

LORNA: —kia? Tafuta shimo la pili kabla halijazibika. Verity? Unanisikia?

VERITY: Nimelipata. La tatu silioni. Nell anatetemeka. Naogopa, mama.

LORNA: Na mimi naogopa. Usikate simu. Ina chaji?

VERITY: Asilimia nne.

LORNA: Basi usiongee sana, nitaongea mimi—

VERITY: Sikutaka kukimbia. Ulijua.

LORNA: Nilijua.

VERITY: Kila nikipita ukumbini jina la babu liko ubaoni, kwa dhahabu, na wewe unaliangalia, kisha unaniangalia mimi.

LORNA: Njoo uniseme hapa. Njoo uniseme mpaka uchoke, sitajibu. Sasa tembea.

VERITY: Mama, nasikia kengele.

LORNA: Kengele?

VERITY: Nell naye anaisikia. Asante Mungu. Iko mbele yetu, tunaifuata. Nell, twende—

LORNA: Verity, simama.

VERITY: Lakini inasikika vizuri—

LORNA: Simama hapo hapo. Ya shule haijapigwa. Mkuu wa shule ndiyo kwanza anatafuta ufunguo wa mnara wa kengele. Hiyo ni ya boya linaloelea baharini, mwanangu. Inalia maji yakianza kuitikisa. Hiyo ni bahari. Verity?

VERITY: [analia] Tulikuwa tunaenda.

LORNA: Hamjaenda. Igeuzieni mgongo. Wote wawili. Mmegeuka?

VERITY: Tumegeuka.

LORNA: Iwe kisogoni kabisa, hivyo hivyo mtembee. [kando] Hujaupata ufunguo? Basi vunja. Ndiyo, najua ni mlango wa mwasisi. Vunja mlango wa mwasisi, mwanangu yuko kwenye maji! Hugo, saidia hapo, piga teke. [mbao zinapasuka] Verity, yetu itapigwa tatu tatu. Tatu, inapumzika, tatu. Boya halijui kuhesabu. Umenielewa?

VERITY: Tatu tatu.

LORNA: Maji?

VERITY: Magotini. Nell hawezi tena, mama. Anasema nimwache, atamsubiri Mzee Garnett hapa.

[kimya]

VERITY: Mama.

LORNA: Nipo.

VERITY: Simwachi.

LORNA: Sijasema umwache.

VERITY: Umenyamaza.

LORNA: Mbebe mgongoni. Mama yake yuko hapa pembeni yangu, kanishika mkono. Mwambie Nell mama yake anasema ashike shingo yako na afumbe macho.

VERITY: Nell, panda. Mama yako anasema. Panda, acha ubishi. [anahema] Mama, ongea.

LORNA: Naongea. Chai ipo, blanketi zipo, keki ya mwasisi haijakatwa, na akiikata mtu kabla yenu atanitambua. Umesikia kengele?

VERITY: Bado. Ile ya nyuma tu.

LORNA: [kando] Piga, Hugo! Kwa nguvu zako zote! Verity, sikia sasa.

[mtandao unakwaruza]

VERITY: —tu. Tatu. Mama, tatu!

LORNA: Upande gani?

VERITY: Kulia kidogo. Tulikuwa tumepinda. Tatu tena.

LORNA: Ifuate. Hugo hataacha mpaka umguse. Maji?

VERITY: Mapajani. Simu inalia, inataka kuzima—

LORNA: Iache izime. Fuata kengele.

VERITY: Kuna mwanga. Kitu cha njano. Mama, kinanguruma, nadhani ni— Mzee Garnett! Huku! Mzee Garnett!

LORNA: Amekuona? Verity, amekuona?

VERITY: Sijui. Kimegeukia huku. Mama, sina tawi. Nakuja mikono mit—

LORNA: Njoo hivyo hivyo, mwanangu. Njoo hivyo hivyo. Haloo? [kando] Hugo, usiache. Tatu. Endelea, tatu. Haloo? Verity? Haloo?