Kavutha na Taa ya Kabatini

Wasikilizaji wapendwa, kama una kikombe cha chai mkononi, kaa nacho vizuri. Leo tunamkumbuka mhandisi Kavutha Kitavi. Kavutha Kitavi wa mtaa wa Satellite, hapa hapa Nairobi. Alituacha Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minne. Alibuni kamera za vyombo vya angani. Narudia, maana najua kuna mtu amewasha blenda: Kavutha wetu alibuni kamera zinazopiga picha sayari ya Mirihi.

Lakini hakuanzia huko juu. Alianzia katikati ya jiji, kwenye studio ya picha ya mzee Kirit. Alikuwa na miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za pasipoti na kuwaambia watu wazima waache kucheka. Mzee Kirit alikuwa na sheria moja tu. Mvua za Aprili zikianza, kila lenzi ilale kwenye kabati la mbao, na ndani ya kabati balbu iwake mchana na usiku. Lile joto dogo hufukuza unyevu. Usipofanya hivyo kuvu huota ndani ya lenzi, na bibi harusi anatoka kwenye picha kama amesimama nyuma ya mvuke wa sufuria.

Aprili moja Kavutha alisahau lenzi mkobani. Si lenzi yoyote, bali ile aliyoipenda mzee kuliko zote. Wiki tatu zikapita. Alipoufungua mkoba, akakuta nyuzi nyeupe zimetanda kwenye kioo. Akajua kibarua kimeota nyasi.

Mzee Kirit sasa ana miaka themanini na sita. Nilimpigia simu kwake Spring Valley, akanieleza hivi: "Nilikasirika sana, sitaki kudanganya. Lakini huyu msichana alikuja mwenyewe, akasema, mzee, ni mimi. Hakusingizia mtu. Nikamwambia, basi chukua, hii lenzi ni yako sasa. Fungua yote. Siku utajua kila kipande inafanya kazi gani, kuja uniambie."

Ilimchukua miezi minne. Aliifungua na kuifunga mezani kwa mama yake, Satellite, mpaka mama akalalamika kwamba sukuma wiki haina pa kukatiwa. Alipomaliza, mambo ya pasipoti hayakumtosha tena. Akarudi shule ya jioni. Akaingia chuo kikuu, akasoma fizikia. Akavuka kwenda ng'ambo, na huko akapewa kazi ya kubuni kamera.

Kamera moja, wasikilizaji, ilimlia miaka tisa. Ilitakiwa iwe kilomita mia tatu juu ya Mirihi, na bado ione jiwe lenye ukubwa wa meza ya kulia chakula. Hatimaye ikarushwa. Baada ya miezi miwili safarini wakaielekeza kwenye nyota kuijaribu. Nyota hutakiwa kuonekana kama nukta. Hizi zilitoka kama matone ya mafuta juu ya supu. Kamera iko mamilioni ya kilomita, na hakuna fundi wa kuipandia. Isipopona kabla ya kufika Mirihi, miaka tisa ya watu wengi imekwenda na maji.

Mdogo wake, Mbaluka, anaikumbuka simu ya siku hiyo. "Alikuwa analia. Akaniambia, Mbaluka, nimeharibu tena lenzi ya wenyewe. Halafu akaniuliza, huko kunanyesha? Nikamwambia eeh, huku Satellite ni matope tu. Akasema, ngoja, nitakupigia baadaye. Akakata."

Alikuwa amelikumbuka kabati. Mwili wa ile kamera ulikuwa wa nyuzi za kaboni, na nyuzi hizo zilikunywa unyevu kabla haijaondoka duniani. Sasa unyevu ulikuwa unatoka polepole na kuvisogeza vioo. Kavutha akaomba hita ndogo za kamera ziwashwe, siku kumi na mbili mfululizo. Wenzake wakaogopa. Joto likizidi, gundi inayoshika vioo ingeweza kulegea, na kamera ife kabisa. Kavutha akaandika jina lake chini ya ombi, peke yake. Kama ni lawama, ije kwake.

Hita zikawashwa. Siku ya kumi na tatu wakazipiga picha nyota tena. Nyota zikawa nukta. Nukta, wasikilizaji wapendwa!

Picha ya kwanza ya Mirihi, mawe na vivuli vyake, aliichapisha akamtumia mzee Kirit. Mzee akaitundika studio, kati ya harusi na pasipoti. Wateja walipouliza kama ni nchi kavu ya Magadi, alijibu, "Hapana. Hiyo msichana yangu amepiga."

Tangu hapo, kila Aprili, mvua zikianza, Kavutha alimpigia simu. "Mzee, taa imewaka?" Naye anajibu, "Imewaka." Studio ilishafungwa, lakini kabati liko nyumbani kwa mzee, na kila masika balbu huwashwa.

Kwa Mbaluka na ukoo wote wa Kitavi, kwa mzee Kirit na nyumba yake, poleni sana. Tunalia nanyi. Na tunashukuru, tena tunashukuru sana, kwamba alikuwa wetu.

Nawe unayenisikiliza, jiulize. Nani aliyekuachia lenzi uliyoharibu, akakuambia ujifunze nayo? Kama yuko hai, unangoja nini kumwambia?

Maana Aprili hii simu ya Kavutha haikulia. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka ng'ambo, mgonjwa kitandani, hana nguvu ya kushika chochote. Mzee Kirit akangoja siku mbili, kisha akapiga yeye. Mbaluka akamwekea dada yake simu sikioni.

"Kavutha," mzee akasema, "taa imewaka."

Na Kavutha akamjibu, "Asante, mzee."