Sentensi ya Mama Karela

Wasikilizaji wapendwa wa Mlowo, Tunduma, mpaka kule Ndalambo, sogezeni viti. Leo sina muziki wa kuanzia. Tunamkumbuka Enesi, mkulima wa karela wa Mlowo. Tulimzika Jumanne. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Enesi wa Mlowo, yule mliyemwita Mama Karela, ametutoka.

Karela mnaijua. Lile tunda la kijani lenye mabonde mabonde mgongoni, chungu mpaka unakunja uso. Mbegu alipewa na mama mmoja wa Zambia aliyekuwa akiuziana naye mboga pale Tunduma. Akazipanda nyuma ya nyumba, kando ya kahawa. Majirani wakamcheka, "Enesi we, sasa unalima shubiri?" Yeye akawajibu, "Chekeni tu. Mtakuja na mabakuli."

Wakaja kweli. Ila walikuja na kosa letu la huku. Sisi kitu kikiwa kichungu tunakiita dawa, na dawa tunaichemsha. Watu waliibandika karela asubuhi kama mizizi, ikatokota mpaka mchana, wakatupa nyama yake na kunywa yale maji. Enesi alikuwa mkali, jamani! Binti yake, Atupele, anasema mama aliwahi kuepua sufuria ya jirani kwenye jiko la huyo huyo jirani. "Vitamini C haitaki moto wa namna hii!" alifoka. "Kata vipande vyembamba, toa mbegu, paka chumvi, suuza. Kaanga na kitunguu na nyanya, dakika chache tu. Hii ni mboga!"

Hayo aliyapata kwa afisa lishe, akayaandika kwenye daftari la shule la Atupele. Vitamini C, foleti, nyuzinyuzi. Na zile antioksidanti, ambazo alizieleza kwa njia yake: zinasaidia mwili usichakae upesi, kama rangi inavyozuia bati lisishike kutu. Kuhusu sukari ya mwilini alisema karela inaweza kuishusha kidogo, na kwamba wataalamu bado wanachunguza. Hakutia chumvi kwenye maneno yake hata siku moja.

Sasa nifike pagumu. Miaka mitatu iliyopita nilimwalika hapa studio. Alikuja na kitenge kipya na karela mbili kwenye kikapu. Alizungumza vizuri ajabu. Mwishoni akainua kidole, "Na neno moja kwa wenye kisukari..." Nikatazama saa. Muda ulikuwa umekwisha, tangazo la mabati linasubiri. Nikamzimia kipaza sauti. Ni mimi, huyu huyu mtangazaji wenu. Yeye aliendelea kusema, ila ninyi mlisikia mabati.

Kule Galula, machimboni, mdogo wake Zabron alikuwa akisikiliza. Zabron alikuwa na kisukari na alikuwa akitumia vidonge. Alichosikia ni dada yake akiisifu karela. Basi akaviweka vidonge kando, akawa anakunywa karela asubuhi na jioni. Hakumwambia mtu. Baada ya miezi mitano aliletwa Mlowo kwa bodaboda, ameshikiliwa, mguu umeoza. Enesi akamuuliza, "Zabron, vidonge viko wapi?" Akajibu, "Dada, si ulisema redioni?" Hakumaliza wiki.

Nilikwenda msibani nimeinamisha kichwa. Enesi hakunilaumu, na heri angenilaumu. Alinishika mkono akauliza, "Mwanangu, ile sentensi yangu utairudisha lini?" Nikamwambia wiki ijayo. Wiki hiyo ikaja na mpira, nyingine ikaja na wageni. Ukweli ni kwamba niliona aibu kukiri mbele yenu. Tangu msiba ule mpaka leo nimeona aibu.

Yeye hakungoja. Gengeni kwake hukupata karela kabla ya kuulizwa, "Una kisukari? Vidonge unakunywa?" Ukibabaika, hakuuzii. Loisi, aliyekuwa akiuza naye pale gengeni, anasema, "Alikimbiza wateja wengi. Nikimwonya, ananiambia wateja watarudi, Zabron harudi."

Ijumaa iliyopita alikuwa shambani akifunga karela zake kwenye vijiti. Akaanguka, hakuinuka tena. Atupele aliniambia makaburini, bila hasira, "Redio ilikuwa imetundikwa kwenye uzio. Mama hakukosa kipindi chako hata kimoja tangu mjomba afe. Alikuwa akisema, labda leo."

Atupele, mwanangu, wewe na ukoo mzima, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nanyi wasikilizaji, kila mmoja ajiulize ni neno la nani amelikalia, na nani analisubiri.

Fundi mitambo ananionyesha saa. Matangazo yasubiri. Siku ile kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, lakini mimi nilikuwa mbele yake na nilimsikia. Enesi alisema hivi: "Na neno moja kwa wenye kisukari. Karela ni mboga, ipike ule, na daktari wako mwambie kwamba unaila. Lakini vidonge usiache. Hasa wewe Zabron, najua unanisikiliza, usiache."