Bi Shufaa Abuu, Aliyerudisha Maboksi

Marehemu Bi Shufaa Abuu Twalha alizaliwa Bagamoyo tarehe 9 Mei 1952, mtoto wa pili wa Mzee Abuu, muuza nguo. Alisoma madrasa na shule ya msingi papo hapo mjini, kisha chuo cha ualimu. Alifundisha Lugoba hadi alipostaafu mwaka 2012. Wanafunzi wake, watu wazima sasa, wakikosea kuandika bado hugeuka nyuma kutazama kama yupo.

Mwaka 1976 aliolewa na Bwana Hamidu Kitwana, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2015. Alikuwa akisema ameoa mke mmoja na maktaba moja.

Alipostaafu, shangazi yangu huyu alifungua duka la vitabu karibu na soko. Kipenzi chake kilikuwa kitabu cha kasida alichokusanya shoga yake, marehemu Mwalimu Zaina. Vikundi vya akina mama, kutoka Mapinga hadi Pangani, vilikisoma harusini na misibani. Mwaka 2019 mchapishaji wake wa Dar es Salaam, Bwana Abdulrazak, aliacha kukichapa, akamletea maboksi ya kitabu cha kasida cha mtu mwingine, jalada linang'aa.

"Bi Shufaa, kitabu ni kitabu, kama sukari. Ukikosa hii, unachukua ile."

"Basi harusi ya bintiyo nikuletee bwana harusi yeyote, maana mwanamume ni mwanamume."

Akayarudisha maboksi yote.

Wengine walikinunua hicho kipya kwingine. Ya harusi ya Mapinga mnayajua. Kiongozi alitaja ukurasa wa thelathini na mbili, kila mtu akafungua chake. Wenye kipya wakampokea bwana harusi; wenye cha zamani, bila kufikiri, wakaanza kumuaga maiti. Maskini kijana alisimama mlangoni, mguu ndani, mguu nje.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawachukua akina mama wa pande zote mbili hadi ofisini kwa Bwana Abdulrazak, wakamwimbia vilevile. Bwana wa watu akashika kichwa.

"Yamekwisha, Bi Shufaa. Nachapa."

Akachapa! Maboksi yalipofika Bagamoyo, vigelegele vilisikika hadi sokoni. Tulijivuna, na hadi leo tunajivuna.

Aliugua figo tangu Agosti 2024, akafariki Jumanne, 11 Februari 2025, mikononi mwa bintiye. Ameacha watoto wawili, Salumu na Dija, wajukuu saba, na mimi mpwa wake, Ummy, ninayewasomea haya.

Vitabu vya hitima hii amevileta Bwana Abdulrazak mwenyewe. Nimevikagua; ndivyo. Mola ampe shangazi yetu mapumziko mema. Sasa tufungue sote ukurasa wa thelathini na mbili.