Mama Polepole Aweka Kisu Chini

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kufungua vifua vya watu na kuvifunga salama, daktari wetu bingwa wa upasuaji wa moyo na kifua anastaafu. Sisi wa chumba cha upasuaji tunamwita Mama Polepole, naye huitika bila kununa.

Alipoanza, idara nzima ilikuwa meza moja na taa iliyopenda kuzimika. Leo karibu kila anayeshika kisu humu amepita mikononi mwake. Ukimharakisha anakujibu, "Moyo ni bibi harusi, mwanangu. Ukimgongea sana mlango, hatoki." Tulikuwa tunacheka, mpaka siku alipoletwa fundi cherehani mmoja.

Kijana huyo alikuwa na vali ya moyo isiyofunga, damu inarudi ilikotoka. Mimi ndiye niliyesukuma kitanda chake. Mlangoni mama yake alimshika Daktari mkono: "Daktari, huyu ndiye pekee niliyebaki naye." Daktari hakuahidi kitu. Alisema tu, "Nimekusikia, mama."

Vali ilitengenezwa vizuri. Moyo ukaamshwa, ukapiga, na mashine iliyokuwa ikisukuma damu badala yake ikasimamishwa. Tukashusha pumzi. Papo hapo moyo ukavimba upande mmoja, ukawa unajikokota kama mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni. Presha ikaporomoka. Daktari msaidizi akataka dawa ya kuusukuma moyo iongezwe, kisha iongezwe tena.

"Rudisheni mashine," akasema Mama Polepole. "Hewa imeingia kwenye mshipa unaolisha moyo. Msimchape bibi harusi, mpumzisheni."

Tukasubiri. Yeye alitazama moyo tu, hapepesi macho, muuguzi anamfuta jasho. Msaidizi akauliza kama wajaribu sasa. Daktari akatikisa kichwa kukataa. Akaulizwa tena, akatikisa tena. Nje ya mlango ule palikuwa na mama mmoja kwenye benchi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwenda kumwambia.

Hatimaye akaagiza mashine ipunguzwe kidogo. Kidogo tena. Alikuwa kama anayemwachia mkono mtoto anayejifunza kutembea. Moyo ukayumba, ukashika. Presha ikapanda, ikakaa. Hakuna aliyethubutu kushangilia hadi kifua kilipofungwa na Daktari akatoka mwenyewe kwenda kwenye lile benchi.

Mwezi uliopita fundi huyo alinioa mimi, msukuma kitanda, na gauni langu la harusi alilishona kwa mkono wake. Daktari alikuja. Kabla hajatupa hongera alimshika bwana harusi kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. Ndipo akanikumbatia, akacheka.

Kila asubuhi naamka sikio langu likiwa juu ya kovu lile la kifuani, nasikia moyo wa mpenzi wangu unavyodunda, na moyo wangu unajaa tele.

Asante, mama yetu. Nenda salama, na usingizi wako usikatizwe tena na simu ya hospitali.